Pedali ya Nne ya Mama Mayai

Kwa miaka saba mizima niliamini, kwa moyo wote na kwa akili yote niliyokuwa nayo, kwamba pikapu ya Mama Mayai ilikuwa na pedali ya nne, na kwamba kazi ya pedali hiyo ilikuwa kufunga breki za gari lililo nyuma. Si breki zake yeye. Za yule wa nyuma.

Aliyenipa habari hiyo ni fundi wa pancha wa pale Kanduyi, mtu ambaye mikono yake imeshika magurudumu ya nusu ya Afrika Mashariki, na kwa hivyo sikuona sababu ya kumtilia shaka. Alikuwa amemaliza kubandika tairi la pikapu, na mwenyewe Mama Mayai alikuwa ameenda kunywa chai. Fundi akanifungulia mlango wa dereva kama mtu anayeonyesha chumba cha mfalme.

"Hesabu pedali," akaniambia.

"Klachi, breki, mafuta."

"Na hiyo?"

Kushoto kwa klachi, pale sakafuni, palikuwa na kitu cha chuma cha mviringo, kipana kama kizibo cha soda, kimesuguliwa na soli ya kiatu hadi kinang'aa.

"Hiyo ndiyo siri ya huyu mama," fundi akasema, akishusha sauti. "Hii gari ilikuwa ya jeshi, bana. Ukikanyaga hapo inatoa nguvu fulani kwa nyuma. Ile nguvu inashika magurudumu ya yule anakufuata. Anafunga breki bila kutaka."

"Ati bila kutaka?"

"Si wewe hukaa na yeye ndani? Hujaona malori yakirudi nyuma yenyewe?"

Nilikuwa nimeyaona. Nilikuwa nimeyaona kwa macho haya mawili, na hapo ndipo fundi aliponimaliza. Msidhani nilikuwa mtoto. Nilikuwa na masharubu, mke, ng'ombe wawili, na biashara ya mayai iliyojulikana kuanzia uwanja wa michezo hadi kibanda cha mwisho cha Kanduyi. Niliamini kama watu wazima wanavyoamini: kabisa, bila kuuliza swali la pili.

Sitasema Mama Mayai alizaliwa wapi wala alikuwa mtoto wa nani. Hakuwahi kunieleza. Ninachojua ni kwamba alikuwa mkaaji wa Kitale, kwamba lugha ya kwao ya upande wa Mlima Kenya aliitumia kwa mambo mawili tu, kuomba na kushangaa, na kwamba kila Jumanne na Ijumaa alipakia trei za mayai ya kuku wake na ya majirani, akafunga turubai, akashuka Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye, kisha akapita Matulo hadi kwetu. Mimi nilikuwa mteja wake mkubwa. Siku moja niliuziwa na mtu mwingine trei ya mayai madogo kama gololi, nikaapa kwamba kuanzia hapo nitapanda Kitale mwenyewe, nichague mzigo wangu yai kwa yai, kisha nirudi nao. Ndivyo nilivyokaa kwenye kiti cha kushoto cha pikapu ile kwa miaka. Upande wa kushoto wa uso wa Mama Mayai naujua kuliko ninavyoujua uso wangu. Ule wa kulia ningeweza kupishana nao sokoni nisiusalimie.

Hakuniita kwa jina. Aliniita Kanduyi.

Sasa, ili mjue nazungumza juu ya mtu wa aina gani, twendeni kwanza nyuma ya gari.

Bampa la nyuma la pikapu ile lilikuwa lilelile lililotoka nalo kiwandani. Mbele palikuwa na mikwaruzo, mlango mmoja ulikuwa wa rangi nyingine, na kioo cha upande wangu kilifungwa kwa mpira wa tyubu. Lakini bampa la nyuma halikuwa na alama hata moja. Kondoo angeweza kujitazama ndani yake akachana nywele. Mama Mayai aliliosha kabla ya kuosha uso wake. Mgeni akifika kwake Kitale, alikaribishwa chai, akaonyeshwa kuku, kisha akapelekwa kuona bampa.

"Mbele kila mtu anajichunga," alikuwa akisema. "Mbele ni macho yako. Nyuma ni macho ya mtu mwingine, na hujui ameamkaje. Mtu ambaye hajagongwa nyuma, huyo ndiye dereva."

Na alikuwa na nadhiri moja, aliyoirudia mara nyingi hadi nikaona ni kama yangu: siku atakayoacha barabara, bampa lile liache naye likiwa hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuligusa, na hakuna atakayeligusa. Mambo mengine yote ya dunia angeweza kuyasamehe.

Ninyi mnaoijua barabara ile mnajua hiyo ilikuwa nadhiri ya kichaa. Kutoka Webuye kuja Kanduyi unachangia lami na matrela yanayokwenda mpakani, marefu hivi kwamba kichwa kikiwa Matulo mkia bado unaaga Webuye. Trela likikubana, kwenye kioo huoni gari, unaona meno. Kisha kuna mabasi yanayofukuzana na saa, na vijana wenye magari madogo ambao hujui wanakimbilia nini, kwa sababu unawakuta wote kule mbele wamesimama wananunua mahindi ya kuchoma.

Mama Mayai aliwashughulikia wote kwa njia moja. Hakukanyaga breki ghafla ili kuwatisha, kama wafanyavyo madereva wenye hasira. Hakuongeza mwendo pia. Alikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo aliifanya kwa wimbo. Gari la mbele likipita mti au nguzo ya stima, alianza kuimba mstari mmoja wa wimbo wa kanisani, kwa mwendo wa kanisani, usio na haraka. Kama angefika kwenye nguzo ile kabla ya mstari kwisha, alikuwa karibu mno na wa mbele. Mvua ikinyesha aliimba mistari miwili. Na akitokea mtu wa kumbana kwa nyuma, aliimba ubeti mzima.

"Lakini huyu anayetubana yuko nyuma, Mama," nilimwambia siku za kwanza. "Mbona unamkimbia wa mbele?"

"Huyu wa nyuma amekula nafasi yake yote," akasema. "Sasa itabidi nimgawie yangu. Nikiwa na nafasi kubwa mbele, nitasimama polepole. Nikisimama polepole, na yeye atasimama polepole. Nisipokuwa nayo, tutasimama wote mara moja, na huyo atasimama ndani ya mayai."

Ni maneno yaliyonyooka, sivyo? Alinieleza kila kitu siku ile, na mimi sikusikia hata neno moja, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini. Kila mara alipoanza kuimba ubeti mzima, mguu wake wa kushoto ulitoka kwenye klachi, ukasogea polepole, ukatua juu ya kile chuma cha mviringo. Na dakika moja baadaye, kwenye kioo changu kilichofungwa kwa tyubu, niliona lori likirudi nyuma. Kumbe siri ndiyo hii, nikajiambia. Wimbo ni wa kuamsha ile nguvu.

Nafasi aliyoiacha mbele, kwa kweli, ingetosha kujenga shule. Kila mwenye haraka alijitosa pale. Mimi niliumia kana kwamba wananiingilia sebuleni.

"Mama, wanatuingilia!"

"Wacha waingie. Si nilikuwa nawawekea?"

Kisha alilegeza mwendo tena, akaanza wimbo upya kwa nguzo iliyofuata. Kuna siku tuliingiliwa na magari kumi na manne kati ya Misikhu na Webuye, na kila moja alilikaribisha kwa kutikisa kichwa, kama mke wa mchungaji mlangoni.

Matusi nayo alikuwa na dawa yake. Kondakta mmoja wa basi alichomoza nusu ya mwili dirishani walipokuwa wakitupita, akapiga kelele, "Mama, hiyo ni gari ama ni sofa? Toa kwa barabara!"

"Ni sofa, baba," akajibu kwa sauti ya kumsalimia shemeji. "Pita nikae vizuri."

Basi lote lilicheka. Konda alirudisha mwili wake ndani polepole sana.

Lakini kisa ambacho nasimulia hata nisipoulizwa ni cha trela la Matulo. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu ya alasiri isiyo na adabu. Trela lilitubana tangu Webuye. Mama alikuwa katikati ya ubeti ng'ombe watatu walipovuka lami mbele yetu, bila haraka, kama wenye hatimiliki. Pikapu ilipunguza, ikapunguza, ikasimama. Hata yai moja halikulia. Nyuma yetu nilisikia mlio wa breki kama nguruwe mia wanaofukuzwa, kisha kimya.

Mama alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akashuka kwenye mvua. Nikamfuata. Pua ya trela ilikuwa imesimama nyuma ya bampa. Akaingiza kiganja chake katikati, kikasimama wima, kikatosha barabara. Kisha akamwita dereva kwa kidole. Dereva alishuka, mtu mkubwa, shingo kama gogo, miguu ikitetemeka.

"Weka mkono wako hapa," Mama akamwambia.

Akajaribu. Mkono wake ulikuwa mnene. Haukuingia.

"Umeona?" Mama akasema. "Ingekuwa mkono wako ndio wa kupima, tungekuwa tumegongana."

Alimpa yai la kuchemsha kutoka kwenye kikapu chetu cha safari, kwa sababu mtu aliyetetemeka anahitaji kula, akarudi kwenye usukani. Na tangu siku hiyo, dereva yule na wenzake aliowasimulia wakiona mkia wa pikapu ile wanakaa nyuma umbali wa nguzo mbili za stima. Mimi nilirudi Kanduyi nikamwambia fundi wa pancha: leo ameikanyaga ile pedali hadi mwisho. Trela zima! Fundi akatikisa kichwa kama mtu aliyesema tangu zamani.

Siku hizo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, darasa la watu wazima lililokaa katika ukumbi wa kanisa. Nilimaliza, cheti kiko ukutani kwangu, juu kuliko kalenda na juu kuliko picha ya harusi. Sentensi ya kwanza niliyoisoma peke yangu nje ya darasa, bila mwalimu, bila kuweka kidole, ilikuwa ile aliyoandikisha Mama Mayai kwenye mlango wa nyuma wa pikapu: MIMI NIMEBEBA MAYAI, WEWE UMEBEBA WATU. Nilisimama hapo barabarani nikaisoma mara tano. Nilikuwa nimekaa ndani ya gari lile miaka miwili bila kujua kwamba lilikuwa likisema na watu.

Sasa, jioni moja mwalimu alitufundisha kwamba kitu kizito kinachokwenda kasi hakiwezi kusimama palepale, hata ufunge breki za namna gani. Nikainua mkono. Nikalieleza darasa, kwa heshima zote, kwamba kuna gari moja Bungoma hii lenye pedali ya nne. Nilieleza vizuri, hadi na nguvu ya kwa nyuma. Nusu ya darasa waliandika kwenye madaftari. Mama mmoja aliuliza kama itakuja kwenye mtihani. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Hilo gari linapita siku gani?" akauliza.

Ijumaa iliyofuata nilimwona kando ya barabara na baiskeli yake, anachungulia.

Nikimsifu sana mtu mtadhani nimelipwa, kwa hivyo niseme na la upande wa pili. Mama Mayai, ambaye barabarani alimwachia kila mtu nafasi ya kutosha kulima viazi, kwenye foleni ya miguu alikuwa balaa. Kwenye kisiagi, kliniki, hata kwenye kwenda kutoa sadaka, alikusimamia mgongoni hadi ukajua amekunywa chai ya tangawizi. Kikapu chake kilikuingia mbavuni. Ukipiga hatua moja mbele, yeye amepiga moja na robo.

"Mama, mbona unanibana hivyo?" nilimwuliza siku moja kwenye kisiagi, debe langu la mahindi likiwa karibu kunianguka.

"Mimi sina injini, Kanduyi. Songa."

Mayai nayo hakula. Alisema yana harufu ya kazi.

Na kulikuwa na hili, ambalo sikujua niliweke kwenye sifa au kwenye lawama. Mtu akitubana na kupiga honi na kuwasha taa mchana kweupe, mimi nilimlaani kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, na kwa lugha ambayo bado haijaandikwa. Yeye alinikataza. "Mtu anayekufuata karibu hivyo," alisema, "ama ana mgonjwa ama ana wazimu. Kwa yote mawili mpishe." Na alipisha. Aliwasha taa ya kushoto, akatoka lami kabisa, akasimama kwenye majani, mayai na sisi wote, hadi mwenyewe apite. Tulichelewa. Wateja wangu walininunia. Nikamwambia wazi kwamba wenye wazimu ni wengi kuliko wenye wagonjwa, na kwamba anawalea.

Siku moja kijana mwenye gari dogo jekundu alitubana tangu Kamukuywa. Honi, taa, honi. Mama akatoka lami. Kijana akapita kama risasi, nikamtumia laana mbili za kumsindikiza. Tulipofika Webuye tulimkuta amesimama nje ya hospitali, gari limeachwa milango wazi, yeye ameshika kichwa. Mama akasimamisha gari. Nikafurahi. Nikajua leo atamwambia.

"Ulikuwa unaniambia nini kwa honi?" Mama akamwuliza. "Sikusikia vizuri."

"Ni bibi yangu, Mama. Mtoto alikuwa anakuja. Ndani ya gari."

"Amekuja?"

"Wamesema niulize baada ya saa moja."

Mama alizima injini. Tulikaa pale saa moja na mayai yetu. Mtoto alikuwa msichana, na leo anaitwa jina la Mama Mayai, lile la kanisani, ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa yeye mwenyewe hakulipenda. Laana zangu mbili nilizirudisha kimyakimya.

Kisha macho yakaanza kumchezea. Daktari alimwambia kuna utandu, utaondolewa, lakini barabara ya malori ndiyo basi. Alilipokea jambo hilo kama alivyopokea yote, kwa kulegeza mwendo. Swali lilikuwa nani ataendesha. Ndugu wengi walijitokeza. Mwenye pikapu hakosi ndugu. Mpwa wake mmoja alijaribiwa, akafika Kanduyi mapema sana, na trei mbili zimevunjika, za kuuzia kiwanda cha keki tu.

Mimi nilikuwa nimepata leseni mwaka mmoja kabla, na nilikuwa nimeendesha vitu viwili: gari la shule ya udereva na trekta la jirani. Mama akaniita.

"Kanduyi, wewe umekaa hapo kushoto miaka mingi. Leo hamia kulia. Ukinifikishia bampa langu Kanduyi likiwa hivi lilivyo, gari ni lako la kuendesha. Likiguswa, nitaliuza, na sitalia."

Nilishika usukani kama mtu anayeshika mtoto wa askofu. Mzigo ulikuwa kamili. Mama alikaa kwenye kiti changu, mikono mapajani. Kiminini tulipita salama. Lakini kwenye mteremko wa Kamukuywa, ule unaoshuka hadi darajani, lori la mahindi lilitokea nyuma yangu likajaza kioo chote. Meno. Lilikuwa karibu hivi kwamba niliweza kuona dereva hajanyoa. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Mbele yangu kulikuwa na trekta la miwa linajikokota. Nikasema moyoni, siku ya ile pedali ndiyo hii.

Nikaanza kuimba. Sauti yangu ni ya kufukuzia ndege, lakini niliimba, ubeti mzima, tangu trekta lilipopita kibao cha daraja. Kisha nikaitafuta pedali ya nne. Miguu yangu ni mifupi. Ilibidi nijinyanyue kidogo kitini na kupapasa kwa kiatu cha kushoto, huku na huku, hadi nikagusa chuma. Nikakanyaga. Nikakanyaga kwa imani yote ya ukoo wangu.

Na lori likarudi nyuma.

Naapa lilirudi. Kwanza kidogo, kisha hatua ishirini, kisha tukavuka daraja tukiwa wawili tu, mimi na trekta la mbali. Kwenye tambarare lori likapata nafasi, likatupita, dereva akanyoosha mkono wa shukrani. Nilitaka kulia. Mama Mayai, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alitazama dirishani akasema, "Vizuri."

Neno hilo moja nililibeba hadi Kanduyi kama trei ya juu kabisa. Tulipofika alishuka, akazunguka nyuma, akapitisha kiganja kwenye bampa kutoka mwisho hadi mwisho, akanipa ufunguo mbele ya fundi wa pancha na dunia nzima.

Miaka miwili nimeendesha pikapu hiyo. Matrela, mabasi, magari mekundu, wote nimewaimbia na wote nimewakanyagia, na bampa linang'aa hata sasa. Fundi wa pancha huwaambia wateja wake kwamba mimi ndiye mrithi wa siri.

Kisha, Ijumaa moja pale Webuye, nilikanyaga nikasikia *kap*. Kile chuma kikachomoka, kikabingirika chini ya kiti.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilikuwa nimetoka lami mara tano kupisha watu, mmoja wao akiwa na mkokoteni. Jumamosi sikula. Jumapili kanisani sikuimba, na majirani zangu wa benchi walishukuru Mungu. Jumanne ingekuwa na mzigo mkubwa kuliko yote ya mwaka, na nyuma yangu hapangekuwa na kitu cha kuwazuia. Bampa lililomaliza maisha ya barabara ya mtu mwingine bila alama lilikuwa linakwenda kugongwa mikononi mwangu. Jumatatu nikapanda Kitale, gari tupu, kwa mwendo wa konokono aliyefiwa.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, miwani mipya usoni. Alisikia injini kabla ya kuniona.

"Umekuja kama unabeba jeneza, Kanduyi. Una nini?"

Niliweka ufunguo juu ya ungo, katikati ya mahindi.

"Mama, nakurudishia gari kabla sijalivunjia heshima."

Alisimama. Mahindi yakamwagika. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pikapu, akapitisha kiganja kwenye bampa kama mama anayepima homa ya mtoto. Akarudia mara ya pili. Akanigeukia.

"Mbona ni zima?"

"Bado halijaguswa. Lakini litaguswa. Ni pedali, Mama."

"Pedali gani?"

"Ya nne."

Nikaitoa mfukoni. Nilikuwa nimeifunga kwenye kitambaa safi. Aliichukua, akaisogeza kwenye miwani, akaigeuza huku na huku.

"Hii ulikuwa unaifanyia nini?"

"Nakanyaga, kama wewe. Ile ya kufunga breki za wa nyuma."

Kisha akasema, "Ngai!" akacheka hadi kuku wakakimbilia jikoni. Alicheka akakaa chini. Akafuta machozi kwa leso, akanitazama tena, akaanza upya.

"Nani alikuambia?"

"Fundi wa pancha. Lakini nilikuona mwenyewe, Mama! Wakitubana tu, mguu wa kushoto unakwenda hapo. Kila siku. Miaka yote."

"Goti hili la kushoto linauma tangu zamani," akasema. "Nikitoa mguu kwenye klachi, naupumzisha hapo."

Nilisimama pale uani kwake kama mtu aliyeibiwa suruali akiwa ameivaa.

"Na lori la Kamukuywa?" nikasema. "Siku ile ya kunijaribu. Nilikanyaga likarudi. Ulikuwa umekaa hapo, ukaona. Nani alilirudisha?"

Mama Mayai aliokota ufunguo kwenye mahindi, akaupuliza vumbi, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole.

"Hii ni swichi ya taa, Kanduyi. Ya kupunguza mwanga. Ilikufa kabla sijanunua hili gari. Lori lile lilirudi kwa sababu ulipojinyanyua kitini ulitoa mguu wa kulia kwenye mafuta."